Mashine ya Boti Inapogoma Baharini: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua kwa Boti Ndogo za Tanga

Boti nyingi za matembezi zinazolala Raskazone, Sahare na Mwambani ni za fibaglasi, na huendeshwa na mashine moja ya petroli iliyofungwa nyuma. Mwongozo huu unahusu boti za namna hiyo. Umekusanya hitilafu zinazojirudia kila msimu, zile ambazo fundi akielezwa kwa simu hutaja sababu kabla mwenye boti hajamaliza sentensi. Takriban zote ni hitilafu ndogo: kizibo, fyuzi, mpira, tone la maji kwenye petroli. Ajali huja pale nahodha anapoinamia mashine kwa dakika ishirini, akiwa amesahau kwamba boti inaendelea kusogea kuelekea kwenye miamba. Katika kila dalili iliyoelezwa hapa chini, ukaguzi mwepesi umetangulizwa, kazi zinazohitaji spana zinafuata, na mahali pa kuacha na kumwachia fundi pametajwa waziwazi.

Kabla ya kufungua kofia ya mashine

Mashine ikizima, tia nanga kwanza. Jambo hili husemwa sana na hufuatwa kwa nadra, kwa sababu mkono wa mtu huenda kwenye ufunguo kabla ya kwenda kwenye kamba. Pepo zetu kuu mbili, kusi inayovuma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba na kaskazi ya Desemba hadi Machi, husukuma boti isiyo na nguvu kuelekea nchi kavu na kwenye miamba iliyo kando ya visiwa vya Yambe, Karange na Ulenge. Upepo wa umande, unaotoka bara alfajiri, hufanya kinyume: huipeleka boti nje kimyakimya, bila wimbi la kumshtua mtu, na huko nje hupokelewa na mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini, upande wa Kenya.

Kamba ya nanga iachiwe angalau mara tano ya kina cha maji, ikihesabiwa kuanzia omoni, yaani mbele ya boti. Kwa hiyo kwenye maji ya mita 6 mwaga mita 30 au zaidi, na ukumbuke kwamba wakati wa bamvu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji ya Tanga hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, hivyo kamba iliyotosha wakati wa kupwa huenda isitoshe wakati wa kujaa. Tafuta mchanga na uepuke matumbawe, hasa ukiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Ikiwa umezimikia kwenye njia ya meli zinazoingia Bandari ya Tanga, piga makasia utoke njiani kabla ya kutia nanga. Asiye na nanga anaweza kufunga ndoo kwa kamba ndefu omoni na kuitupa majini. Haitaisimamisha boti, lakini itapunguza mwendo wake na kuuelekeza omo kwenye upepo.

Kila mtu avae jaketi okozi na alifunge. Jaketi lililokaliwa kama mto halina msaada. Kisha mteue mtu mmoja asiyehusika na mashine kabisa, alinganishe vitu viwili vya nchi kavu, mathalani mnazi na paa lililo nyuma yake, na atoe taarifa mara tu vitakapoanza kuachana, kwani hiyo ndiyo dalili kwamba nanga inakokota.

Dalili: ufunguo unageuzwa na hakuna sauti

Sababu inayoongoza ni kamba ya usalama, ile inayofungwa mguuni au kiunoni mwa mwendeshaji ili mashine izime akianguka majini. Klipu yake ikichomoka hata kidogo, starta ya mashine nyingi haitaitika, na nyingine itazunguka bila mashine kushika. Watoto huichezea, abiria huikanyaga. Irudishe mahali pake, wala usiizibe kwa waya ili isikusumbue tena, kwa maana siku utakayotupwa nje na wimbi, boti isiyo na mtu itaendelea kuzunguka ikikufuata na pangaboi lake, yale mapanga yanayozunguka majini na kuisukuma.

Pili, hakikisha gia iko kwenye nyutro. Mkono wa gia ukiwa na kebo iliyolegea, unaweza kuonekana uko katikati ilhali mguu wa mashine, ile sehemu inayoingia majini, bado umeshika gia. Usogeze mbele na nyuma kidogo huku ukijaribu ufunguo. Tatu ni swichi kuu ya betri. Nne ni vichwa vya betri, ambavyo kwa hewa yetu ya chumvi huota unga mweupe au wa kijani ndani ya wiki chache. Vizungushe kwa mkono, na kichwa kinachozunguka kimelegea. Tano ni fyuzi, na kila boti inapaswa kuwa na za akiba zenye ampea zilezile. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au karatasi ya sigara ni kuualika moto.

Starta ikitoa mlio wa "tik" mmoja na kunyamaza, betri imechoka au waya una kutu ndani. Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0 imebakiwa na takriban robo tu. Mashine ikishawaka, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, na kisipopanda ujue betri haichajiwi, wala kununua betri mpya hakutakusaidia kwa zaidi ya safari moja au mbili.

Mashine nyingi ndogo na za kati huweza kuwashwa kwa kamba ya dharura inayozungushwa kwenye gurudumu la juu. Tahadhari: ukitumia kamba hiyo, kinga inayozuia mashine kuwaka ikiwa kwenye gia mara nyingi haifanyi kazi. Thibitisha nyutro kwa macho, asiwepo mtu nyuma ya kiwiko chako, na kanga, mtandio au ncha ya shati isisogee karibu na gurudumu. Usijaribu kurudisha kofia ya mashine huku gurudumu likizunguka bila kukingwa.

Dalili: starta inazunguka vizuri lakini mashine haishiki

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta, wa pili ni mafuta, na wa tatu ndiyo plagi.

Niliwahi kuzimikiwa karibu na kisiwa cha Toten, mahali ambapo mtu anaona kreni za bandari bila kukaza macho, na kwa karibu saa nzima nilitoa plagi, nikazifuta kwa pindo la msuli, nikaangusha moja ngamani, kule chini ndani ya boti maji yanakokusanyika, na kuitafuta kwa vidole ndani ya maji yenye oili. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na ngalawa alishusha tanga, akatazama tangi langu jekundu lililokuwa limebonyea ubavuni, akasema, "Mwanangu, tangi hilo umelipa pumzi?" Kizibo kidogo cha hewa kilichoko juu ya kifuniko nilikuwa nimekifunga mwenyewe asubuhi ili petroli isimwagike kwenye gari. Mashine ilikuwa imevuta mpaka tangi likakosa hewa ya kuingia, na mafuta yakagoma kutoka. Tangu siku hiyo kizibo cha hewa ndicho ninachokigusa kabla ya kitu kingine.

Baada ya kizibo cha hewa, ishike pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta, kwa maana inaeleza mengi. Ibonyeze mara kadhaa, mshale wake ukielekea kwenye mashine. Ikikaza, mafuta yamefika. Ikibaki laini muda wote, kuna mahali inavuta hewa: kiungio kisichoingia sawasawa, mpira uliopasuka kwa jua, au tangi limekwisha na hukuangalia. Ikiwa imenywea na haijijazi tena, njia imeziba kati yake na tangi, ama kwa kizibo cha hewa ama kwa uchafu uliokaa kwenye mdomo wa bomba la ndani. Angalia pia iwapo mtu amekaa juu ya mpira wa mafuta au ameuwekea kasha la samaki; hutokea zaidi ya inavyodhaniwa.

Ukijaribu mara nyingi huku choki imevutwa, utasikia harufu kali ya petroli na mashine itakuwa imezidiwa mafuta. Rudisha choki, subiri dakika kumi, kisha zungusha ukiwa umefungua mafuta kwenye nyutro, na ikishika tu punguza mara moja. Starta isishikiliwe kwa zaidi ya sekunde kumi kwa mfululizo, kwa sababu inaungua na hali tayari ulikuwa na tatizo moja tu.

Plagi hutolewa baada ya hapo. Iliyolowa petroli inaonyesha mafuta yanafika lakini cheche haitoshi. Iliyo kavu kabisa inaonyesha mafuta hayafiki. Yenye matone yasiyochanganyika na petroli imepata maji. Ifute, au weka mpya yenye namba ileile. Onyo: usipime cheche kwa kuiegemeza plagi kwenye chuma karibu na tundu lake lililo wazi, jinsi wengine wafanyavyo kwenye pikipiki, kwa kuwa tundu hilo linatoa mvuke wa petroli na chini yako kuna tangi. Ikiwa mafuta yanafika, plagi ni mpya na bado haishiki, kazi hiyo ni ya fundi nchi kavu.

Dalili: inawaka, inakwenda kidogo, kisha inafifia na kuzima

Mwambie mwenzako aibonyeze pampu ya mkono wakati mashine inapoanza kufifia. Nguvu ikirudi, tatizo ni mafuta kutofika ya kutosha: chujio limeziba, mpira umenywea ndani, au utando wa pampu ya mashine yenyewe umechanika. Kwa kuibonyeza hivyo kwa zamu, watu wamerudi nyumbani kutoka mbali, lakini iende kwa mwendo mdogo na iwe ni kurudi tu.

Nguvu isiporudi, shuku maji ndani ya petroli. Petroli inayonunuliwa kwa dumu, dumu ambalo jana lilikuwa la maji, huja nayo. Tangi lisilojazwa hufanya jasho ndani usiku. Na wimbi moja juu ya kifuniko kilicholegea linatosha. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kabisa, palepale bomba linapovutia. Mimina kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa nyeupe ya plastiki, iweke kivulini dakika kumi na tano, kisha itazame dhidi ya mwanga: ukiona mstari na kitu kisicho na rangi kikitingishika chini yake kama lulu, hayo ni maji. Chujio lenye kikombe cha kioo, linalofungwa kati ya tangi na mashine, huyakamata kabla hayajafika kwenye kabureta, na kwa maoni yangu ndicho kifaa kinachorudisha fedha yake haraka kuliko vyote. Mafuta machafu yarudishwe nchi kavu kwenye dumu lake. Kuyamwaga baharini ni kosa, na ni kuyamwaga juu ya kamba na samaki tunaowala wenyewe.

Kwa mashine za kuchanganya oili, kagua pia uwiano. Nyingi hutumia 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 500 kwa tangi la lita 25, lakini kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Oili ikizidi, plagi huwa nyeusi na moshi hutanda. Ikipungua, mashine hukaza na pistoni hukwama, na hapo hakuna ukarabati wa siku moja. Matangi ya mashine mbili tofauti yakifanana rangi, yaandike kwa rangi isiyofutika, kwa sababu petroli tupu ikiingia kwenye mashine ya kuchanganya hutoa mlio mzuri sana kwa dakika chache za mwisho.

Mashine za kisasa hujipunguzia mwendo zenyewe na kupiga king'ora zinapopata moto au oili inapopungua. Huo ni ulinzi. Usizime na kuwasha tena na tena ili kuudanganya; zima, na usome sehemu inayofuata.

Dalili: mkojo wa mashine umepungua, umekatika au unatoa mvuke

Ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine, ambao wengi tunauita mkojo, ni kipimo cha upoozaji kisichohitaji dashibodi. Utazame kila baada ya muda mfupi, kama dereva anavyotazama kioo. Ukikatika, zima mashine hapo hapo, maana dakika chache za kuendelea zinatosha kuharibu kichwa chake.

Sababu ya kwanza ni mfuko wa plastiki au majani ya bahari yaliyofunika matundu ya kuvutia maji kwenye mguu wa mashine. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini iliyokuwamo baharini kabla ya hapo haikusikia tangazo. Inua mguu, toa uchafu, shusha, jaribu. Sababu ya pili ni tundu la mkojo lenyewe kuziba kwa chumvi, mchanga au, kwa boti iliyokaa nchi kavu wiki kadhaa, udongo wa nyigu waliojenga humo. Litoboe taratibu kwa kipande cha mshipi mnene wa kuvulia. Waya wa chuma huchana mpira wa ndani. Mkojo ukirudi na maji yakiwa ya uvuguvugu tu, shida ilikuwa ni tundu.

Ikiwa matundu yote ni safi, impela ya pampu ya maji imechoka. Ni gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, na mchanga wa ufukweni unalisaga kila unapowashia mashine kwenye maji ya magotini. Ibadilishe kila mwaka au kila saa 100 za kazi, kwa kufuata kitabu cha mashine, na usiwashe mashine nchi kavu bila maji hata kwa sekunde chache "kusikia tu", kwa kuwa mpira mkavu huungua mara moja. Kazi hii inamhitaji mtu anayejua kuutenganisha mguu, baharini haifanyiki. Thamostati iliyokwama huja baada ya impela, nayo ni ya fundi pia.

Mashine iliyopata moto iachwe ipoe yenyewe kwa nusu saa, wala usiimwagie maji ya bahari, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa baridi hupasuka. Ikiwa imekaza na haizunguki hata kwa mkono, usiilazimishe; tafuta wa kukuvuta.

Kinga ya yote haya ni maji baridi. Baada ya kila safari, pitisha maji yasiyo na chumvi ndani ya mashine kwa dakika kumi hivi, kwa kutumia vikombe vya mpira vinavyobana matundu au kwa kuutumbukiza mguu kwenye pipa.

Dalili: mashine inanguruma lakini boti haiendi

Kabla ya kugusa pangaboi, zima mashine, toa ufunguo na toa kamba ya usalama uitie mfukoni mwako. Asishuke mtu majini wakati mashine inafanya kazi, hata ikiwa kwenye nyutro.

Mara nyingi utakuta kipande cha wavu, kamba ya nailoni au majani yaliyojisokota. Yakate, na ukiona mshipi mwembamba umeingia nyuma ya pangaboi, usiridhike na kukata unaoonekana: hufika kwenye sili ya ekseli, huichana, na maji ya bahari huingia kwenye gia. Ukifika nyumbani fungua kizibo cha oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, sili imekwisha, na kila safari utakayoongeza inalipwa na gia.

Pangaboi likiwa safi, huenda bushi ya mpira iliyo katikati yake imeachia, au pini imekatika baada ya kugonga jiwe. Pini ya akiba hubadilishwa hapo hapo. Bushi haibadilishwi, lakini kwa mwendo wa polepole mara nyingi bado itasukuma. Rudi taratibu bila kulazimisha.

Ikiwa mashine hupiga kelele kwenye kona au juu ya wimbi tu, pangaboi linavuta hewa. Ama mashine imeinuliwa mno, ama abiria wamerundikana omoni. Sahani bapa iliyo juu ya pangaboi inapaswa kuwa sawa na kitako cha boti, au chini yake kwa sentimita mbili hivi. Mlio wa chuma kusagana ndani ya mguu ni wa kuzima na kutoendelea.

Dalili: boti inakuwa nzito na ngama inajaa maji

Tazama kizibo cha kutolea maji nyuma. Wenye uzoefu hukisahau kuliko wageni, kwa sababu mgeni huuliza. Kisha tazama mipira na matundu yanayopita kwenye ubao wa boti, na mahali mashine ilipofungwa: bolti zikilegea au fibaglasi ikipasuka hapo, maji huingia kwa kadiri unavyoongeza mwendo. Ikiwa hakuna harufu ya petroli, gusisha tone kwenye ulimi. Yasiyo na chumvi ni ya mvua au ya barafu iliyoyeyuka kwenye kasha.

Pampu ya ngama isipofanya kazi, angalia fyuzi, kisha chujio lake, ambalo hukusanya magamba, nyuzi na vipande vya mfuko. Fua maji, yaani yachote na kuyamwaga nje, kwa upo (chombo cha kuchotea maji botini) au ndoo huku mwingine akitafuta panapovuja. Kitambaa kilichokazwa kwa kipande cha mti kilichochongwa huziba tundu kwa muda wa kutosha kurudi. Wakalishe abiria katikati na chini. Maji yakizidi kasi ya kufua, omba msaada sasa, wakati redio na simu bado ni kavu.

Ikiwa boti imepinduka na mashine imezama, usijaribu kuiwasha. Ioshe kwa maji baridi, toa plagi, imwage maji, na ifikishwe kwa fundi siku hiyohiyo, kwani chuma kilichoguswa na chumvi huanza kuoza kikikutana na hewa.

Dalili: harufu ya petroli

Hapa hakuna cha kupima kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kulala ngamani. Zima mashine, zima sigara, usiguse swichi yoyote, hata ya pampu ya ngama, fungua vifuniko vyote na uwasogeze watu upande wa upepo. Tafuta kiungio kilichovuja kwa macho na mkono, kausha kwa matambara na uyatie kwenye dumu linalofungwa. Mashine isiwashwe mpaka harufu iishe kabisa. Matangi ya kubebeka yajazwe nchi kavu, nje ya boti, na kizimamoto cha unga kikae karibu na usukani, mbali na mashine, mahali unapoweza kukifikia bila kuupita moto.

Dalili: usukani mgumu

Kebo imeshika chumvi na grisi imekauka. Isogezwe taratibu, ipakwe grisi, na ukirudi ibadilishwe. Usukani uliokaza ghafla katikati ya kona ni wa kusimamisha boti, kwa kuwa kebo iliyokatika haitoi onyo la pili.

Mahali pa kuacha, na namna ya kuita

Ukijaribu jambo lilelile mara tatu bila badiliko, acha. Acha pia jua likibakiza saa mbili kuzama, upepo ukiongezeka, nanga ikikokota, au abiria mmoja akianza kutapika na kulegea. Kwa redio tumia chaneli 16: ikiwa maisha yako hatarini sema "Mayday" mara tatu, na ikiwa hali haijafika huko sema "Pan-pan" mara tatu, kisha jina la boti, mahali ulipo, tatizo, na idadi ya watu. Mahali patajwe kwa namna inayotafutika, mathalani "maili mbili mashariki ya Ulenge", badala ya "karibu na kisiwa". Kwa simu, 112 ni namba ya dharura ya polisi na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Simu ikae kwenye mfuko usioingiza maji tangu mwanzo wa safari, na nchi kavu awepo mtu anayejua umeelekea wapi na saa ngapi aanze kuuliza.

Aghalabu atakayekufikia kwanza ni mvuvi. Ni uungwana kumlipa mafuta na muda wake, na ni vizuri bei itajwe kabla kamba haijafungwa. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye pete imara ya omo. Kiti na reli hung'oka. Asikae mtu kwenye mstari wa kamba, na mvutaji aende taratibu.

Dalili: boti imepanda fungu (mchanga au mwamba ulio karibu na uso wa maji)

Zima mashine mara moja, la sivyo pampu itavuta mchanga. Kabla ya kujinasua, tazama ngamani: jiwe lililotoboa ubao linaweza kuwa ndilo linaloziba tundu, na boti ikitoka juu yake itajaa. Ukikuta maji yanaingia, usiisogeze, ita msaada.

Ikiwa ni kavu, swali linalobaki ni maji yanajaa au yanapwa. Yakiwa yanajaa, ibebe nanga kwa mkono hadi kwenye kina, kaza kamba, na usubiri. Yakiwa yanapwa una dakika chache: washushe watu wazima waliovaa viatu na majaketi, inua mguu wa mashine, sukumeni kuelekea mlikotoka. Katika saa ya tatu na ya nne ya kupwa, kwa jumla ya saa hizo mbili, nusu ya maji yote huondoka, kwa hiyo siku ya bamvu kina hupungua kwa zaidi ya sentimita 70 kwa saa. Usipowahi, iegemeze boti kwa maboya na mito upande inaolalia, na ujiandae kungoja hadi maji yatakaporudi, saa kumi na mbili hivi tangu yalipokuwa yamejaa. Aliyepanda fungu kwenye kilele cha bamvu asingoje siku ya pili, kwa sababu baada ya hapo kila kujaa huwa pungufu ya kulikotangulia, na maji ya kimo kile hayatarudi mpaka bamvu lijalo, takriban wiki mbili mbele.

Boti ikishaelea, washa mashine ikiwa bado kwenye nanga, tazama mkojo, sikiliza mguu kwenye gia ya mbele na ya nyuma, kagua ngama baada ya dakika tano na tena baada ya dakika kumi, ndipo ung'oe nanga.